Waite Watoto Kabla Hujavua Koti

Baba Almeda,

Ukiisoma hii, ujue nyumba imepona. Maharage yako jikoni, mkate nimeufunika. Ng'ombe nimemfungulia akimbie, usihangaike kumtafuta.

Asubuhi ulipokuwa unafunga mkokoteni uende kinuni, nilikuambia upande wa magharibi hujaulima, nyasi zimekauka na zinanifika kifuani. Ukacheka. "Mama Almeda, hofu zako hizo tungeziacha Ohio!" Haya basi, mbuga inaungua. Jua limekuwa jekundu kama jeraha. Sungura na mbweha wanapita uani pamoja, wala hakuna anayemtazama mwenzake.

Naenda kuzichoma hizo nyasi mwenyewe, kama ulivyofanya mwaka ule tulipohamia, ili moto mkubwa ukifika ukute majivu. Nina gunia nimelilowesha la kuzimia moto. Kiberiti kinanidondoka. Upepo ~~umetulia kidogo~~ unazidi.

Nimekasirika nawe, mume wangu, lakini tutagombana baadaye. Naomba tugombane.

Watoto hawamo ndani. Wako katikati ya shamba la mahindi ulilokwisha kulilima, pale penye udongo mtupu, wamelala chini ya blanketi mbichi. Almeda amemkumbatia Jabez. Nenda sasa hivi, kabla hujavua koti, uwaite kwa nguvu. Nimewaambia wasiinue kichwa, hata wasikie nini, mpaka wasikie sauti yako ~~au yangu~~.

Mama yao