Njia Niliyoifungua

Jumapili

Maneno ya yule mchoma mkaa yananikera hadi sasa, ingawa hakunikosea.

Miaka mitatu nimekuwa nikienda peke yangu kwa baiskeli, kutoka Fukayosi hadi lile pori la mbali, kuwinda kanga. Magurudumu yangu ndiyo yaliyofungua njia. Leo nimekuta miti imekatwa, tanuru linafuka moshi, na kanga hata mmoja hakulia.

"Shikamoo, mzee," alinisalimu huku akifunga gunia la mkaa kwenye pikipiki.

"Marahaba. Mmefikaje huku?"

"Njia tumeikuta tayari. Mungu ambariki aliyeifungua."

Nikaitikia amina.

Mke wangu kaniuliza mbona nimerudi mikono mitupu. Nikamwambia kanga wamehama. Sikumwambia nani kawahamisha.