Sahani Isiyo na Nyama

Gisenyi, Krismasi 1956. Mwaka wa thelathini tangu niondoke kisiwani kwetu, Seilani.

Kumbe miaka yote hii nilikuwa nikimuudhi Mama Zaituni, jirani yetu Mwislamu. Baada ya Misa nilimpelekea sahani ya sikukuu kama kawaida, wali na dengu.

"Baba Yosefu, mbuzi yenu, bwana yangu ndiye alichinja. Sasa mbona munatunyima nyama? Tuna makosa gani?"

Kule Seilani, marehemu mama alinifundisha kuwaandalia hivyo majirani zetu Wabudha, ambao hawakula nyama. Siku ya maandamano ya parokia, wao ndio waliotutundikia taa barabarani.

Jioni nimempelekea paja zima. Amecheka, yameisha. Lakini mimi...

Majirani wale wamekwisha kufa wote, nami bado nawapikia. Mdogo wangu aliyebaki kule ananisihi nirudi. Sitarudi.