Jina la Mkwe Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Robi, mjukuu wangu, amerudi na kompyuta ya Mwalimu Benedicto. Ameazimwa mpaka Ijumaa. Siku hiyo shule yao inampeleka mwanafunzi mmoja Musoma kushindana na wa shule nyingine, na atakayeshinda atasomeshwa ufundi mpaka mwisho.

Anajenga mashine ya kuhesabu ng'ombe wakiingia zizini. Haishikiki, iko kwenye kioo tu. Nikauliza waya ziko wapi. Akacheka — za kuchora, Bibi. Anachora vijilango, vingine vinapitisha umeme, vingine vinakataa. Vikikubali kazi anavifungia kwenye kisanduku, anakipa jina, halafu kisanduku hicho anakiingiza ndani ya kingine kikubwa. Anaviita chipu. Shule sijasoma, herufi hizi nimezipata kanisani uzeeni, lakini hilo nimelielewa. Ni nyumba ndani ya mji.

Jumanne, 9 Septemba

Leo nimeharibu.

Nilikuwa nachambua mchicha. Robi anagombana na kioo: wewe fulani, mbona husikii, mjinga wewe, amka. Kisanduku amekipa jina la baba wa mume wangu! Jina lake sijalitamka tangu niolewe, na hapa siliandiki. Kwetu mkwe hatajwi. Sembuse kuitwa mjinga nikiwa nimekaa pale pale.

Nikasema toa hicho kitu. Akasema ngoja Bibi, kiko ndani ya vingine. Nikasema toa, siondoki hapa. Nikamsimamia kichwani. Akabonyeza.

Kioo kikawa chekundu. Cha kujumlisha, cha kuhesabu, vyote vilikuwa na mzee tumboni. Vyote vimekufa.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Jumatano, 10 Septemba

Mwalimu kapita. Ni mtu wa Bukoba, mambo yetu hayajui. Kasema ingetosha kubadilisha jina, kisanduku kingebaki. Nikamjibu ungekuwepo ungesema. Nimemjibu vibaya. Robi hakulijua hilo, na mimi sikumpa nafasi ya kuuliza mtu.

Nikamwuliza Robi kwa nini jina lile, majina yameisha? Akajibu bila kugeuka: kile ndicho kisanduku kinachokumbuka. Wewe mwenyewe ulinisimulia babu yule hakusahau ng'ombe hata mmoja, hata rangi ya ndama aliyekufa.

Kumbe alikuwa anamheshimu. Nami nimemfuta mzee wa watu kwa mkono wa mtoto.

Alhamisi, 11 Septemba

Anajenga upya. Nimempelekea ugali na maziwa ya mgando. Shikamoo Bibi, asante Bibi — basi. Nikauliza hiki kipya umekiitaje.

"Namba tu, Bibi. Namba hazina wakwe."

Nimestahili.

Kinachokumbuka kimegoma. Anakipa kitu, kinashika, akigeuka kimesahau. Nilikaa kwenye kigoda nyuma yake nikitaka kumwambia pole. Nikasema kaa vizuri, utapinda mgongo.

Ijumaa, 12 Septemba

Mwalimu amekuja na pikipiki kuchukua kompyuta. Gari la Musoma linaondoka Tarime mchana. Robi kasema imebaki waya moja imekaa vibaya, hajui ipi. Mwalimu kasema pole mwanangu, mashine ya Daudi, mwenzako wa darasani, inafanya kazi, itabidi aende Daudi.

Mabega ya Robi yalishuka.

Nikamwambia Mwalimu kaa unywe uji. Kasema anachelewa. Nikamwekea tu kikombe, nikatoka nje kumwaga maji.

Sasa Mwalimu anazunguka uwanjani. Ameinama chini ya pikipiki, amekung'uta koti, amewauliza watoto wa jirani kama wameona ufunguo. Uko kwenye pindo la kitenge changu. Nimeukalia, naandika.

Ameniuliza kwa adabu, Bibi, kweli hujauona? Nimemwambia uji unapoa.

Ndani Robi anabonyeza. Anabonyeza, ananyamaza, anabonyeza tena.