Dubu Aliyeitwa Ingagi

Jumatatu, 6 Oktoba

Kichwa cha vazi la dubu nimekisugua tena kwa brashi ya nguo. Manyoya ya shingoni yanashikana kwa jasho. Nimekianika dirishani, kinanuka sabuni na bado kinanuka mimi. Kazi ya dubu wa biskuti za asali ni hii: kupunga mkono, kucheza kidogo, kujishika tumbo kama mtu aliyeshiba. Kusema marufuku. Kuvua kichwa mbele ya watoto, marufuku kabisa.

Naipenda kazi hii kupita kiasi. Naandika tu, hapa hakuna wa kunicheka. Tangu utotoni kule Karagwe nilikuwa na wazimu wa madubu. Dubu wa kwenye karatasi ya pipi. Dubu wa kwenye blanketi. Dubu wa kitambaa wa mitumba, jicho moja limeng'oka. Dubu wa kweli sijawahi kumwona, wala simtaki. Ninaowapenda ni hawa wa matangazo, wanene, wenye haya kidogo.

Jumanne, 7 Oktoba

Sokoni. Watoto walinijia mbio nusura niangushwe. Raha isiyo na mfano. Kasoro moja tu: walikuwa wanaita ingagi, ingagi. Wananidhani gorila.

Siwalaumu. Tumekaa chini ya volkano, na gorila wenyewe wako huko juu. Kitu kikubwa chenye manyoya na tumbo, jina lake tunalo tayari. Mzee mmoja aliyewahi kuwabebea watalii mizigo mlimani aliinama, akatazama pembeni, akaunguruma kooni taratibu, vile wanavyofundishwa kumtuliza gorila. Kwa heshima zote. Nikamngurumia pia. Soko zima likapiga makofi.

Jirani yangu Mama Zawadi, mwenye nusu ya ukoo Goma, ndiye anayeuza biskuti na kunishika mkono. Mimi naonea kwenye tundu la mdomo tu, mawe siyaoni. "Hii haiko ingagi, iko dubu," aliwaambia. Wakamuuliza dubu ni nini. Akawauzia biskuti.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bosi Faustin amepiga simu kutoka Kigali. Huyu kakulia Kampala, akikasirika anakuwa mpole, na hapo ndipo pa kumwogopa. Ameona video ya sokoni. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja na watu wa kamera kupiga tangazo ufukweni mwa ziwa. Watoto wakiita ingagi mbele ya kamera, dubu basi. Vazi la gorila wanalo, na kijana mrefu wa kulivaa wanaye. "Si kwa ubaya, dada," alisema.

Nina hasira. Mshahara ni mshahara, nitatafuta mwingine. Lakini nimevuka arobaini na sikujaliwa mtoto. Mtaani wenzangu wote ni Mama fulani. Mimi ni Consolata. Watoto hawanikimbilii mimi, wanamkimbilia dubu. Akiondoka nitabaki na nini?

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo tuliuza Rugerero. Mama Zawadi alishika picha mbili, ya gorila na ya dubu, awafundishe watoto. Gorila wakasema ndiye baba. Dubu wakasema ni mtoto wake.

Kazi bure.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimepata. Nimepata kabisa.

Leo mtoto wa jirani mwingine amepewa jina. Kama kawaida watoto wa mtaa wakalima uani kwa vijembe vidogo, wakanyunyiziwa maji kama mvua, wakakimbilia mkekani, wakala, wakanywa maziwa, kila mmoja akampendekezea kichanga jina, na baba akatoa la mwisho. Nami nimesimama mlangoni na sahani, ghafla nikaona. Dubu wetu hana jina. Kampuni inamwita dubu, basi. Ndiyo maana kila mtu anamwita anachokijua. Watoto wakimpa jina wenyewe, hawatamwita kingine.

Nimemwambia Mama Zawadi. Kaacha kuosha sahani. "Tupe munyama jina sawa mutoto? We uko na akili kweli?" Halafu akahesabu watoto kwa vidole. "Bon. Maziwa mi nitaleta."

Jumatano, 15 Oktoba

Vijembe tumeazima. Mkeka upo. Faustin sijamwambia, akijua atakataa. Nina furaha na woga pamoja.

Jumamosi, 18 Oktoba

Niandike haraka kabla sijasahau hata kidogo.

Watoto walilima mchangani. Mama Zawadi akanyunyiza maji kwa tawi, na mkono wake hauna kipimo. Nililowa mimi kuliko wao. Vazi likawa zito, miguu haiinuki. Watoto wakakimbilia mkekani, wakala biskuti kwa maziwa, nami nikakaa katikati yao, midomo imejaa maziwa kila upande. Faustin alikuwa anauliza kwa upole sana hii ni nini. Mwenye kamera aliendelea kurekodi.

Kisha majina. Mutoni. Gisa. Kibonge. Msichana mmoja asiye na meno ya mbele akafikiri, akaninusa mkono, akasema Buki. Kutoka ubuki, yaani asali kwa Kinyarwanda. Wenzake wakacheka, wakalirudia, halafu wakageuka wote kumtazama Faustin. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na tai. Walijua lazima huyo ni baba, na baba ndiye anayemaliza. Nilimwona kupitia tundu la mdomo. Jina la dubu kwa ajili ya tangazo alikuja nalo kutoka ofisini, alikuwa ameshatuambia asubuhi, la Kiingereza, refu. Alilegeza tai.

"Buki," alisema.

Ufukwe mzima ukaita Buki. Ingagi hakuna aliyesema. Nililia humo ndani, na dubu hawezi kujipangusa.

Jioni Faustin kanishika bega lililolowa. Dubu anabaki, na mimi ndani yake. Nimemkumbatia nikiwa bado na manyoya. Suti yake imeharibika.

Jumapili, 19 Oktoba

Vazi liko kambani, linachuruzika. Halitakauka leo.

Baada ya misa nilipitia kununua vitunguu, nimevaa gauni langu la kila siku. Nikaondoka. Nyuma mtu akawa anaita Mama Buki. Sikugeuka. Mama Zawadi hana kifua, mtaa mzima utakuwa umeshaambiwa nani yumo ndani, lakini kweli sikudhani ni mimi. Akaita tena. Nikageuka. Muuza vitunguu, ameinua mwavuli wangu niliousahau kwenye meza yake.

Nikarudi, nikauchukua, nikamshukuru. Njiani nimetembea polepole. Pengine mwingine naye angeniita hivyo.