Kazi Niliyokwambia Nimepata

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa kaka yako.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Baba alituambia daktari amekukataza kuinua vitu vizito, mama akacheka, akasema huyo daktari hakujui. Tafadhali mtii, hata kwa wiki mbili tu. Sisi huku ni wazima. Baba amepona kikohozi, mama na cherehani yake kama kawaida, na kaka ameanza kufuga ndevu ambazo mpaka leo hatuna hakika kama zitaota.

Viatu vya kazi ulivyonitumia vilifika Alhamisi. Vimenikaa sawasawa, kana kwamba ulinipima. Mama alinilazimisha nitembee navyo sebuleni, wote wakapiga makofi. "Mtu wa ofisi huyo!" baba akasema. Nilitabasamu, nikaingia chumbani, nikavivua, na tangu hapo nashindwa hata kulitazama boksi lake. Ndiyo sababu nakuandikia. Unajua mimi kwenye simu huishia kusema ndiyo na hapana.

Shangazi, ile kazi sina. Sikuwahi kuipata.

Siku ya usaili nilifika mapema, nimevaa blauzi ya mama, michoro yangu imo kwapani. Walisema ghorofa ya sita. Ghorofa ya sita ina milango kumi na miwili, yote ya kijivu, wala hakuna hata mmoja wenye herufi. Kulikuwa na wanaume wawili wakiongea kwenye korido. Ilikuwa ni kuuliza tu. Sentensi nilikuwa nayo tayari, nimeipanga kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, lakini haikutoka. Nilipanda ngazi nikashuka, nikapanda nikashuka, mpaka saa yangu ikapita. Nikarudi nyumbani. Sijakaa vizuri, simu yako ikaita. "Wamekuchukua?" Ulikuwa umeshafurahi tayari. Nikasema ndiyo.

Naomba unisamehe. Najua umeshawatangazia wenzako wote pale mnapofulia mashuka ya hoteli, na kwamba yule mama wa pasi alinitumia hongera. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote.

Sasa nikwambie kilichofuata, maana si habari mbaya tupu.

Chuoni ilikuwa imebaki kazi moja, ile ya kuhitimia. Wenzangu wa darasa la usanifu walichagua nembo za vinywaji na majalada ya vitabu. Mimi nikachagua vibao vya kuelekeza watu ndani ya zahanati ya mtaani kwetu. Niliandika sababu za kitaalamu kurasa nne. Sababu yenyewe ni ile milango ya kijivu.

Mlangoni pa zahanati anakaa mlinzi ambaye wagonjwa na manesi wote wanamwita Meneja, kwa sababu hakuna jambo linalopita bila yeye. Nilikaa kwenye benchi karibu naye siku tatu, nikiandika watu wanamuuliza nini. Hakuna aliyeuliza "maabara". Wanauliza, "Wanapotoa damu ni wapi?" Nikafuta maneno yangu ya darasani, nikaandika ya kwao. Meneja alikuwa akichungulia daftari.

"Binti, hivyo vibao vikishakuwa tayari, mimi nitaongea na nani?"

"Utapumzika," nikamwambia.

"Kwani nimekwambia nimechoka?"

Fundi wa vibao, mzee mmoja mwenye karakana nyuma ya soko, alinikatia mbao na kunifundisha kupaka rangi bila kuacha michirizi. Tukavitundika ukutani, vipana, herufi za bluu. Nikakaa benchini kutazama. Asubuhi ile waliingia watu arobaini na mmoja, na thelathini na wanane wakaenda moja kwa moja kwa Meneja kuuliza. Kuna baba mmoja aliegemea kibao kabisa huku akisubiri kujibiwa! Meneja alicheka mpaka akavua kofia. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilijiambia, kama hata hili limenishinda, nikishahitimu nitakwenda wapi?

Aliponiona macho yamelowa, aliacha kucheka. "Mwanangu, mtu akiumwa hana habari na ukuta. Anatafuta mtu. Na mtu mwenyewe ndiye mimi. Sasa utafanyaje?"

Nilimtazama pale kitini, halafu nikawatazama wanaoingia. Kweli, kila mmoja alianza na uso wa Meneja. Basi nikamwita fundi, tukakishusha kibao kikubwa, kile chenye mishale ya vyumba vyote, tukakitundika upya juu ya kiti chake, kofia na kibao karibu vigusane.

Siku iliyofuata waliouliza walikuwa tisa tu. Wanamwendea yeye, wanainua macho kidogo, wanageuka. Alikuja msichana wa rika langu, kadi mkononi. Akamkaribia, akafungua mdomo, akaona kibao, akaufunga, akaenda zake kushoto. Shangazi, ule mdomo naujua. Nilikwenda chooni nikacheka peke yangu kama mwehu.

Meneja anawalalamikia manesi kwamba nimemgeuza nguzo. Lakini asubuhi hukipangusa kibao kwanza, ndipo apanguse kiti.

Mwalimu amenipitisha. Muuguzi mkuu ameomba vibao vya wodi zote, na fundi ameniambia, "Meza ya pili iko tupu. Njoo tufanye ya wodi, mengine tutajua mbele." Ni kazi ya miezi mitatu. Baada ya hapo sijui, na fundi mwenyewe hajui. Labda nitarudi kwenye makampuni, nikiwa nimejifunza kubisha hodi. Mwezi uliopita kutojua huku kulinifanya nisile. Sasa nakula vizuri, muulize mama.

Wa nyumbani niliwaambia jana mezani. Kaka akasema, "Kumbe na wewe unaweza kudanganya! Na kasauti kako hako!" Baba aliweka kijiko chini, nikajua yameniangukia. Kisha akauliza zahanati hufungwa saa ngapi, maana anataka kwenda kukiona hicho kibao. Mama akainuka kutafuta kitambaa kigumu cha kunishonea aproni.

Viatu vyako nitavitunza, au nikurudishie, utakavyosema.

Lakini nina ombi. Nakujua, Shangazi: wenzako wakikuuliza, utawaambia kampuni ilinionea, ili unilinde. Usiseme hivyo. Waambie mtoto wa kaka yako alipotea ndani ya jengo, akaona haya kuuliza, akarudi nyumbani, na sasa anawaandikia vibao wenye haya wenzake. Wakicheka, waache wacheke. Ni kweli inachekesha.

Baba anakusalimu sana, mama pia, na kaka anasema umtumie mafuta ya ndevu. Msalimie yule mama wa pasi, umwombe radhi kwa niaba yangu. Mungu akulaze salama, akuamshe bila maumivu, na akupe mtu wa kukushikia upande wa pili wa kila kapu la mashuka.

Naishia hapa. Mama ananiita nijaribu aproni. Naanza kesho saa mbili.

Ni mimi, mwenye kukupenda kuliko ninavyoweza kusema kwa simu,
Kimya