Pete Isiyoruhusiwa Kugusa Ndege

...na lile la pete sijakujibu bado, mume wangu. Mume wangu! Miezi miwili tu iliyopita nikiliandika neno hili nilikuwa natabasamu peke yangu kama mwehu. Leo nimeliandika, nikalitazama tu.

Uliniuliza kama ninaivaa. Ninaivaa kidole gumba, kwingine inapwaya. Uliivua pale uwanja wa ndege wa nyumbani, siku niliyorudi huku Guangzhou, ukaniwekea kiganjani.

"Nishikie," ukasema. "Fundi wa ndege mpya haruhusiwi kuvaa kitu kigumu mkononi. Ukwaruzo mmoja tu kwenye ngozi ya ndege, rada imeshaiona."

"Kwa hiyo mke mwenzangu ana ngozi laini kuliko yangu?"

Ukacheka mpaka askari wa mlangoni akageuka.

Nakuandikia hadharani, gazetini, mbele ya wasomaji wote, kwa sababu tangu wakubwa wako wakukataze kupokea simu kutoka China sina njia nyingine. Wala sina la kuficha. Ndege zenu ndizo zinazojificha, rada isizione. Mimi ni mkeo, nataka nionekane.

Unaikumbuka Shiling? Ilikuwa fungate yetu, kabla hatujarudi nyumbani nawe ukachaguliwa kwenda kwenye ndege mpya. Wenzetu fungate huenda ufukweni. Mimi nilikuleta huku China, nikakupandisha basi nikakupeleka kwenye mji huo wa mikoba, maana nilikuwa na oda za wateja. Hukulalamika hata kidogo. Ulichukua mkoba mmoja, ukafumba macho, ukaupitishia vidole taratibu, kama mama anayempapasa mtoto aliyelala.

"Hapa pameinuka," ukasema.

Mama mwenye duka, yule ninayemwita laoban kama tunavyowaita mabosi wote huku, alikupokonya ule mkoba, akapapasa mwenyewe, akakuta uzi umejikunja chini ya ngozi. Akaniambia kwa Kichina, "Mumeo huyu usimlete tena!" Halafu akatumiminia chai.

Tukiwa kwenye basi la kurudi ulinieleza kwamba ndivyo ulivyokuwa ukikagua ndege kuukuu za jeshi letu miaka yote. Macho hudanganywa na rangi, ukasema, vidole havidanganywi. Nikauchukua mkono wako nikaubusu mbele ya abiria wote. Ukaona haya, askari mzima! Mpenzi wangu, siku hiyo ningeweza kulisukuma lile basi peke yangu mpaka Guangzhou.

Kisha ndege zikafika. Nilizitazama kwenye simu, hapa Zhanqian Road, pamoja na Mama Rukia wa Dar es Salaam, yule ninayechangia naye fremu ya duka.

"Bi harusi," akasema, "kanchi kenu ka kuvuka kwa baiskeli, ndege ya kujificha ya nini? Ikiruka tu imeshatoka nje ya mpaka!"

"Ndiyo maana haionekani, Mama Rukia. Majirani wakiiona watatudai viza."

Tulicheka mpaka wateja wakachungulia. Nilikutafuta kwenye ile video. Nyuma ya bawa niliona mgongo wa mtu aliyeinama, nikasema ni wewe. Mama Rukia akasema si wewe. Mimi bado nasema ni wewe.

Baada ya hapo ndipo watu wa waliotuuzia ndege walipokuhoji. Ulinipigia simu sauti ikiruka kwa furaha. "Wameniuliza habari za mke wangu. Nimewaonyesha picha zote! Hata ile ya Shiling, umebeba mikoba mpaka shingoni."

"Wakasemaje? Mzuri?"

"Mmoja aliomba kuiona mara ya pili!"

Nikaringa siku nzima. Hatukujua, mpenzi wangu, kwamba yule bwana hakuwa akiutazama uso wangu. Alikuwa akitazama maandishi ya Kichina nyuma yangu.

Simu yako ya mwisho ilikuwa fupi. Waliotuuzia ndege hawataki fundi ambaye mkewe anaishi China, wanahofia siri zao zitafika huku. Mwisho wa mwezi upeleke jibu: ama mimi nirudi nyumbani moja kwa moja, ama wewe utolewe kwenye ndege ukatengeneze malori ya kambi. Halafu ukasema, "Uamue wewe."

Tangu hapo nina ganzi. Nilidhani nitalia, nilikuwa hata nimeweka leso karibu. Machozi hayakuja. Juzi nilimpelekea wakala mzigo wa kupakiwa bandarini Huangpu, akanieleza kitu kuhusu kontena, nikaitikia tu. Jana nilikubali bei ya kwanza niliyotajiwa. Mama Rukia akanishika paji la uso: "Wewe? Bei ya kwanza? Mwanangu, unaumwa?" Nikaenda Shiling. Laoban akaniletea mkoba, akanitania nikague kwa mtindo wa mume wangu. Nikafumba macho, nikapitisha vidole. Sikuhisi kitu. Wangeficha msumari mle ndani nisingeujua.

Nikirudi, nitakuwa mke wa fundi wa ndege, nimekaa nyumbani nikiikumbuka kazi niliyoijenga kwa miguu yangu. Ukipelekwa kwenye malori, kila asubuhi utanitazama na kuiona ndege uliyoiacha. Nayafikiria yote mawili jinsi mtu anavyofikiria mambo ya jirani. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Lakini lile "uamue wewe" silipokei. Siku ya nikahi niliulizwa mimi, nikakubali. Ukaulizwa wewe, ukakubali. Hakuna aliyemjibia mwenzake. Hata hili sitalijibu peke yangu, wala wewe usilijibu bila mimi.

Kwa hiyo nimekata tiketi. Fremu sijaifunga, ufunguo anao Mama Rukia. Nitakuvisha pete yako, uivae japo saa zile utakazokuwa nje ya karakana. Kisha utafumba macho, utashika viganja vyangu hivi vilivyokufa ganzi, uvipapase taratibu kama ule mkoba, na uniambie ni wapi palipoinuka. Usipeleke jibu lolote kabla sijafika. Nakuja kukuona, mume wangu, kabla mwezi huu haujaisha.

Mkeo,
yule wa kwenye picha