Nesi Anataka Mkojo wa Mke Wangu

Bi Yuliana, mwenye kutuliza nyumba za watu gazetini, shikamoo. Nakuandikia maana nimekwisha kuwalilia wote na hakuna aliyenisikia.

Mke wangu Somoe alishikwa na tumbo la kukaza, mama yake, Bi Hija, akampa haluli ya kusafisha tumbo, na lilipokataa kutulia akampa tena, na tena, akaharisha na kutapika mpaka miguu ikalegea akawa hawezi kusimama, ndipo tukampeleka hospitali, daktari akasema damu yake imepungukiwa na chumvi moja iitwayo potasiamu, akamtundikia chupa. Sasa Bi Yuliana, chupa gani ile! Inatoa tone, inanyamaza, inatoa tone, inanyamaza, utadhani inabembelezwa, nami nilipomwambia nesi, binti wa bara aitwaye Kokuberwa, "Sista, si muipige yote kwa sindano mara moja tumalize?" akanitolea macho, akasema, "Baba, dawa hii haipigwi hivyo. Ukigusa hicho kibano cha mpira nakutoa wodini." Mie mtu mzima, naambiwa hivyo mbele ya mama mkwe!

Hilo nililimeza. Lililonishinda ni kwamba binti huyo alileta chombo akasema Somoe akikojoa usimwagwe, yeye ataupima. Mkojo wa mke wa mtu! Sisi watu wa pwani tunajua kuwa mkojo na kucha na nywele ni vitu vya kufichwa, hujui nani atavichukua na atavifanyia nini, basi mimi na Bi Hija tukashika zamu, kila Somoe akimaliza tunamwaga chooni upesi, tunarudisha chombo kikavu, na nesi akiuliza tunasema hajakojoa. Cha ajabu, jana daktari akaja, akaiondoa ile chupa ya potasiamu, akasema haiwezekani kuendelea nayo, na Somoe bado kalegea, hata kikombe hakishiki. Wametunyima dawa kwa chuki, hilo halina mjadala.

Hapa mtaani kwetu yuko Bwana Anselmo, mchoma sindano, na sindano yake inauma kweli kweli, ukichomwa unajua umetibiwa. Anasema anayo potasiamu kali isiyotiwa maji, ataisukuma yote mshipani na Somoe atatembea siku hiyo hiyo. Kesho kutwa nakwenda kumtoa hospitali. Naomba unishauri, nesi yule nimshitaki kabla ya kumtoa mke wangu au baada?

Mume Niliyedharauliwa, Temeke

*

Mume Uliyedharauliwa,

Barua yako uliileta kwa mkono, nami nimeirukisha mbele ya za wenzako waliotangulia, kwa ajili ya Somoe tu. Umeficha jina lako ukataja la mke, la mama mkwe na la nesi. Temeke nzima imekwisha kukujua, kwa hiyo tusemezane wazi.

Nilikuwa nesi miaka mingi kabla ya kushika kalamu. Sikiliza. Somoe hakunyimwa dawa na Kokuberwa. Kanyimwa na wewe.

Potasiamu ikizidi mwilini, figo ndizo huitoa, nayo hutoka na mkojo. Figo zikigoma, inarundikana kwenye damu, moyo unaanza kupiga ovyo, mwisho haupigi kabisa. Ndiyo sababu mkojo unapimwa. Mlipoleta chombo kikavu kutwa nzima, daktari alidhani figo za Somoe zimekufa, akaiondoa chupa. Hata mimi ningeiondoa. Mmemdanganya mtu aliyeshika roho ya mgonjwa wenu, kisha mnamnunia kwa kuwaamini! Na Bi Hija, heshima yake iko pale pale, ila haluli aiache. Ndiyo iliyomkausha mwanawe hiyo chumvi tangu mwanzo.

Unaogopa mkeo atarogwa. Ndugu yangu, binti huyo anapima mikojo ya wodi nzima. Angekuwa anaroga kwa kila chombo asingepata nafasi hata ya kunywa chai.

Na nyie watu na sindano! Tangu zile sindano za zamani za ugonjwa wa buba zikaushe vidonda vya watu, dawa isiyouma mnaiita maji. Potasiamu si sindano ya buba. Inatiwa kwenye maji mengi na kuingia mshipani polepole, kwa kipimo cha daktari, kwa sababu moyo hauvumilii kuipokea kwa pupa. Huyo Anselmo wako akiisukuma kali hivyo kwa mkupuo, moyo unaweza kusimama sindano ikingali mkononi mwake. Somoe hatatembea siku hiyo. Atabebwa.

Kwa hiyo hakuna kumtoa mtu hospitali. Leo hii, kabla hujamaliza kukunja gazeti hili, nenda wodini umwambie nesi, "Sista, mke wangu anakojoa, sisi ndio tuliokuwa tunamwaga." Atakukaripia. Inamisha kichwa ukaripiwe, umestahili. Mwambie pia kama Somoe aliwahi kuugua figo, na kila mnachompa kwa siri, dawa za miti na hata madafu. Ndiyo, madafu! Yana potasiamu hiyo hiyo, na ndizi vilevile. Kwa mtu mzima wa afya hayana neno, lakini anayetiwa dawa hii lazima daktari ajue kila kinachopita kooni mwake.

Wakiirudisha chupa, kibano si chako. Kazi yako ni kukaa na kumwangalia mkeo. Mkono ukimchoma au ukimvimba penye sindano, moyo ukimwenda mbio au ukiruka, akihisi ganzi midomoni au vidoleni, au kifua kikawa kizito, mwite nesi hapo hapo, usingoje apite. Somoe naye mwambieni asijikaze kwa kuona haya. Kuna wagonjwa wanavumilia maumivu ya mkono kwa adabu mpaka mshipa unaharibika.

Kuhusu kushitaki, ukifika mbele ya hakimu utaulizwa chombo kilikauka vipi.

Najua utaona aibu kumkabili yule binti. Aibu hiyo itaishia mlangoni mwa wodi. Ya kuwaambia wanao kwamba mama yao alikufa kwa sababu baba aliona haya kusema neno mkojo, hiyo utazikwa nayo. Ondoka sasa hivi.

Bi Yuliana